Kipimo cha Kumi na Saba

Saa tano usiku, Bedford, mwezi wa Februari.
Hatuwashi mtambo mpaka mji uzime majiko yake.
Pask hupiga simu kituo cha umeme
kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa:
tupeni dakika nne tu.
Wakikubali, hunikonyeza,
na upepo huamka handakini.

Mbio zake ni mara mbili na nusu za sauti.
Ukipiga ukelele mle, ukelele wako hausongi mbele hata shibiri,
unakokotwa nyuma kwa miguu.

Lakini sogea. Sogea mpaka kwenye sahani.
Unywele mmoja juu ya shaba, upepo umekwisha kuchoka.
Nusu ya unywele, unatambaa.
Na pale unapoigusa ngozi yenyewe
umesimama.
Tuli.
Kati ya utulivu huo na zile mbio
pana unene wa ukucha,
na ndani ya ukucha vurugu lote linaishi:
vizingia vikimezana, vikitapikana,
vikichota moto juu na kuumwaga chini.

Sahani aliipika Pask mwenyewe.
Punje za shaba, laini kuliko unga wa sembe,
zikaokwa zikashikana bila kuyeyuka,
kashata ya madini.
Ukiitazama utaapa imeziba.
Ukiipulizia heliamu kwa chini, inapumua.

Daktari Hesketh alikuwa na neno refu kwa jambo hilo.
Mimi nilisema: inatoka jasho.
Akanitazama juu ya miwani,
kisha akaandika kitu daftarini, akakifunika kwa kiganja.

Jasho hilo ni haba. Sehemu tatu katika elfu.
Linatosha kuusukuma upepo uinuke kidogo,
msuguano ulegee, joto likose pa kushika.
Ukizidisha, tabaka zima linabanduka
kama chokaa kwenye ukuta wa bafu,
na pichani unaona wimbi limesimama wima
pale ambapo hukulialika.

Pask hakuliweza jina langu, Sihaba.
Aliniita Saba.
Sikumwambia kwamba ananiita tarakimu.

Usiku ule vipimajoto vyote ishirini na nne vilishuka
isipokuwa kimoja.
Cha kumi na saba kiliwaka
kama mtu aliyetukanwa peke yake katika umati.
Tukarudia. Kikawaka.
Hesketh akabeba karatasi nyumbani,
wiki tatu akihesabu,
akirudi na macho mekundu na nadharia mpya,
kila nadharia ndefu kuliko ile iliyoitangulia.

Nilijua tangu siku ya pili.

Baridi ilikuwa imenipasua mikono.
Mama alinitumia kwa posta mafuta ya nazi
yaliyofungwa ndani ya kipande cha kanga;
yalifika yameganda meupe kama mshumaa,
nikayayeyusha juu ya bomba la maji moto,
nikajipaka kabla ya zamu,
kisha nikaipachika sahani mahali pake.
Kidole kimoja kiliteleza. Basi.

Pask aliifungua, akapiga magoti, akashika lenzi.
Nami nikainama.
Mistari ndani ya mistari, duara lililokatika kwa kovu
la kisu cha kumenyea viazi.
Kila kitundu chini yake kimeziba.
Mahali padogo kama tembe ya dawa
palipokataa kupumua,
na moto wote wa handaki ukapata mlango.

Alinusa sahani.
Akakitazama kidole changu, muda mrefu,
akasema kwamba mkewe marehemu
alikuwa akioka keki yenye harufu hii, kila Pasaka.

Akaenda kuleta kopo la petroli na brashi.
Hakuniuliza kitu, na Hesketh hakuambiwa kitu.

Ripoti ipo. Ukurasa wa arobaini na moja,
nukta moja imening'inia juu ya mstari,
na chini yake, kwa herufi ndogo:
kasoro ya sahani, chanzo hakijulikani.